Dawa ya mti ipimwe kwanza, ndipo isifiwe

Bila shaka unakumbuka mwaka 2011, watu walivyofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ilikuwa mizizi ya mugariga iliyochemshwa. Wapo walioacha dawa za VVU na kisukari wakiamini wamepona. Hatari ilikuwa hapo.

Sipingi mitishamba. Hata dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati asili yake ni mmea, artemisia. Tofauti ni kwamba kiini chake kilitolewa, kikapimwa, na kila kidonge kina kiasi kinachojulikana.

Ukiambiwa maji ya mti fulani yameua vijidudu maabara, usishangilie bado. Hata jiki huua vijidudu, lakini huinywi. Lazima ijulikane kama inadhuru ini na figo, na mgonjwa anywe kiasi gani.

Ushauri wangu:
- Andika jina la mti, sehemu unayotumia na kiasi unachokunywa.
- Mweleze mhudumu wa zahanati bila kuficha.
- Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu unajisikia nafuu. Nafuu si kupona. Vipimo ndivyo vitasema.

Na wazee wenye ujuzi wa miti, msiondoke nao. Wataalamu wa NIMR na Muhimbili wapo kwa kazi hiyo.