Afya Nyumbani: Ushanga Ujikatao Wenyewe

Hamira iumuayo mkate Gitega na kuchachusha pombe ya ndizi Muyinga imewafunza wataalamu jambo kubwa. Protini ni mfano wa ushanga uliotungwa. Mwaka 1990 iligunduliwa katika hamira protini ambayo kipande chake cha kati hujikata na kutoka, kisha ncha mbili zilizobaki huungana. Chembe ya salfa ndiyo huanzisha ukataji huo, bila msaada wa nje. Maabara hutumia njia hiyo kusafisha protini.

Mwaka 1992 jambo hilo lilionekana pia katika kijidudu cha kifua kikuu. Kipande kisipotoka, protini yake haifanyi kazi. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta dawa ya kukizuia. Dawa hiyo bado haijawafikia wagonjwa.

Basi, askari kambini na mama nyumbani, akohoaye kwa wiki 2 akapimwe makohozi. Aliyeandikiwa dawa za miezi 6 azimalize, hata akipata nafuu mapema. Aachaye katikati hukipa kijidudu nafasi ya kuwa sugu, na wa kwanza kuambukizwa ni wale alalao nao chumba kimoja.