Neno la Mhariri: Hiari Huanzia kwenye Ahadi

Makala nyingi tulizoletewa kwa ajili ya toleo hili la hiari na nafsi ziligawanyika makundi mawili, na yote mawili yameniudhi. Kundi la kwanza linaanza na mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na majaribio yake ya 1983: mtu anatazama saa, anakunja kifundo cha mkono wakati wowote apendao, na vipimo vinaonesha ubongo umeanza kujiandaa takriban theluthi moja ya sekunde kabla mwenyewe hajatambua kwamba anataka kukunja. Basi, wanatuambia, hiari ni njozi. Kundi la pili linaanza na John Mbiti na kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, linamfanya Mwafrika kuwa mtu aliyemezwa na jamaa zake, kisha linatangaza kwamba suala la hiari halituhusu. Moja linaitafuta nafsi ndani ya fuvu, jingine linaiyeyusha ndani ya ukoo. Hakuna aliyeuliza mwenye nafsi hiyo anakusudia kufanya nini mwakani.

Kwangu mimi swali hilo ndilo la kwanza, na mahali pa kuliuliza ni Mahenge. Ukitoka Ifakara unavuka mto Kilombero, unapita Lupiro, kisha unapanda mlima. Huko ndiko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikoanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, maana kifafa humwangusha mtu popote, hata mafigani. Aliwakuta wakila peke yao kwa vyombo vyao, kwa sababu watu waliamini kuwa mate ya mgonjwa huambukiza. Wapo walioogopa kumgusa mgonjwa hata alipokuwa ameangukia motoni. Alikuta pia watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, dalili ambayo ulimwengu wa tiba ulikuja kuishughulikia kwa nguvu miongo kadhaa baadaye, ilipoonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Leo tafiti zinahusisha sehemu kubwa ya kifafa cha huko na usubi, ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na visubi wa mito iendayo kasi.

Wafuasi wa Libet wangepaswa kukaa na wagonjwa hao. Mtu akiwa katika kifafa, viungo vyake vinatenda bila yeye. Hilo halibishaniwi na yeyote: jirani analijua, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 10, inasema kwamba mtu hawajibiki kwa tendo lililotokea nje ya utashi wake. Kama hiari ingekuwa jambo la sekunde, hasara ya mgonjwa ingekuwa dakika zile chache tu. Lakini tazama anachopoteza. Nani atakubali kumwoza binti yake? Nani atamwacha alale peke yake kwenye dungu, akilinda mpunga bondeni, na maji yapo hatua chache tu? Anahukumiwa kwa dakika ambazo hazikuwa zake, ananyang'anywa siku ambazo ni zake.

Dungu lenyewe linatufundisha zaidi. Mkulima wa bonde la Kilombero huupanga mwaka wake wote kwa kufuata maji: lini atalima, lini familia itahamia shambani, nani atabaki nyumbani na wanafunzi, nani atafukuza ndege na kuamia usiku nguruwe na viboko. Mbiti aliandika kwamba wakati wa Kiafrika hauna mustakabali wa mbali. Familia inayogawana kazi za msimu ambao haujafika, na kukopa kwa ahadi ya mpunga ambao haujachanua, inamkanusha bila kufungua kitabu. Katika mgawanyo huo kila mmoja anajijua yeye ni nani kwa kazi anayosubiriwa aifanye. Asiyepangiwa chochote, kwa kuwa hatabiriki, nafsi yake imepunguzwa hata kama anashiba.

Ndiyo maana nasema hiari ni uwezo wa kuahidi. Fenobabito ni dawa ya kifafa, ya zamani na ya bei nafuu. Mgonjwa akiimeza kila siku na kifafa kikapungua, mganga huandika idadi ya mianguko. Kuna kitu kikubwa zaidi kinachorudi, nacho hakina safu katika daftari la kliniki: mtu anaweza kusema "Jumamosi nitakuja kuvuna" na watu wakamsubiri. Ahadi huhitaji wawili, anayeitoa na anayeiamini. Wenzangu ndio wanaoweza kuitegemeza hiari yangu kwa kuniamini au kuivunja kwa kukataa kuniamini, lakini ahadi inabaki yangu, na lawama nikiivunja ni yangu. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana aliwahi kuonya dhidi ya kuitukuza jamii hadi mtu atoweke. Onyo lake lingali halijasikika katika makala tulizozikataa.

Kati ya makala tulizozikubali, iliyo ndefu kuliko zote inahusu Ihowanja, upande wa Malinyi, kwa mganga Bibi Kalembwana, ambako watu wa bonde hili na wa mbali wamepelekwa kunyolewa ili kuondolewa uchawi. Maia Green na Simeon Mesaki waliandika kuhusu mila hiyo mwaka 2005. Mwandishi wetu anaisifu kwa sababu mtuhumu na mtuhumiwa hunyolewa wote, bila kulazimishwa kukiri, na hurudi kijijini kuishi pamoja. Ukilinganisha na vikongwe waliouawa kwingineko nchini, sifa hiyo ni ya haki. Ila anaandika kwamba bibi mzee mmoja aliyetuhumiwa "alikwenda kwa hiari". Sikubali. Pale ambapo kukataa kunyolewa kunahesabiwa kuwa ushahidi wa uchawi, hapana hiari; pana njia moja tu iliyopambwa ionekane kama mbili.

Kwa kipimo hichohicho isomwe makala ya ridhaa katika utafiti wa malaria, kuanzia majaribio ya chanjo ya SPf66 kule Idete miaka ya 1990. Makala kuhusu shambulio la boma la Mahenge, Agosti 30, 1905, katika Vita vya Maji Maji, inatukumbusha kwamba Wapogoro na Wambunga waliobeba maji ya dawa walikuwa pia watu wenye mpango. Insha ya nafsi katika ushairi inajitosheleza.

Kwa wanaotaka kuandikia toleo lijalo, ombi langu ni moja. Kabla ya kutuambia kama binadamu ana hiari, tuelezeni nani katika habari yenu angeweza kukataa, na nani alikuwa akisubiriwa kesho yake. Na wewe msomaji, kama kuna mwenye kifafa nyumbani kwenu, mhimize asikatishe dawa, kisha mpe kazi katika msimu huu na umtegemee.