Tamko Kuhusu Ramani na Uhamasishaji wa Sensa katika Milima ya Mgeta

Sisi wakulima wa mboga na matunda wa Mgeta, wilayani Mvomero, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa halmashauri yetu na kwa wananchi wenzetu.

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu ilichorwa kidijitali. Watanzania tulifikia 61,741,120. Mkoa wa Morogoro, 3,197,104. Kazi hiyo tunaipongeza.

Tunachodai kwa sensa ijayo ni ramani kutumika mapema, tangu siku ya kwanza ya kuhamasisha. Ukitazama kishikwambi, nyumba mbili za Nyandira au Tchenzema zinaonekana majirani. Mwenyeji anajua kuna korongo katikati, na gari la matangazo halivuki korongo. Umbali upimwe kwa mwendo wa miguu na ukali wa mwinuko, kisha vitongoji vilivyo mbali na barabara vifikiwe kwanza. Wa barabarani watasikia tu.

Marekani, mwaka 2020, asilimia 67 ya kaya zilijaza dodoso zenyewe, na ramani zilionyesha maeneo yaliyobaki nyuma ili wahamasishaji waelekezwe huko. Kwetu karani ndiye anayemfuata mtu, kwa hiyo ramani yetu ionyeshe kaya ambazo karani alikuta mlango umefungwa. Sababu mojawapo wala haihitaji utafiti: kabichi, karoti na njegere zinashuka Morogoro na Kariakoo, na mwenye mzigo hulala huko huko. Mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Basi siku za soko na safari za mizigo ziingizwe katika mpango, na kaya zielezwe mapema namna msafiri anavyohesabiwa.

Lipo jambo zito zaidi. Mwaka 1955 matuta ya kilimo yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni yalizusha ghasia katika milima yetu ya Uluguru, na hadi leo mgeni anayepita shambani na kifaa cha kupimia huulizwa anatafuta ardhi ya nani. Swali hilo ni halali. Wachora ramani watambulishwe kwenye mkutano wa kitongoji kabla ya kukanyaga shamba la mtu, waeleze kwamba mipaka ya sensa si mipaka ya umiliki, na kwamba Sheria ya Takwimu, Sura 351, inalinda siri ya taarifa za mtu binafsi. Majina ya wenye nyumba yasionekane kwenye ramani yoyote ya uhamasishaji.

Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayofurika. Mgeta nayo ina vijana wanaojua kila njia ya mguu. Chama kiko tayari kuwatoa waongozane na wataalamu. Tunaomba rasimu ya mipaka ibandikwe katika ofisi za kata na za vijiji, wenyeviti wa vitongoji wapewe muda wa kuisahihisha, na marekebisho yao yaingizwe kabla ramani haijafungwa.