Agosti Hii, Twendeni Baringo

Majirani zangu wa Kiamunyi, baridi ya Menengai imetuchosha na masweta, na watoto wanakaribia kufunga shule. Kwenye simu zetu tunawaona vijana wakila upepo katika mashua za tanga huko Ugiriki, kisiwa hiki leo, kesho kile. Raha ni raha, sikatai. Lakini hata sisi tuna visiwa. Shika barabara ya Mogotio, vuka Ikweta, pita Marigat, uingie Kampi ya Samaki. Sweta utalivua njiani.

Boti za Ziwa Baringo hazina tanga, ni za injini. Wenye kazi ya mikono ni wavuvi wa Ilchamus, walioketi kwenye vyombo vya miti myepesi iliyofungwa pamoja, wakipiga maji kwa vibao. Nahodha atapiga mluzi, atarusha samaki, na kwazi atashuka kumnyaka mbele ya macho yenu. Kisha mshuke Ol Kokwe, kisiwa chenye watu, mbuzi na chemchemi za maji yanayotokota.

Nawaita kwa sababu nyingine pia. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa ziwa hili limepanda na kumeza nyumba, mashamba na hoteli za ufuoni. Rasi ya Longicharo, walikorudishwa twiga mwaka 2011, iligeuka kisiwa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 ikabidi twiga tisa wavushwe kwa chelezo, mmoja mmoja au wachache, hadi hifadhi ya Ruko, ambayo Wailchamus na Wapokot waliianzisha pamoja. Habari ya twiga ilizunguka dunia nzima. Mwenye boti aliyepoteza nyumba hakutangazwa, na mkate wake ni sisi wageni.

Kwa hiyo mkifika, laleni huko angalau usiku mmoja. Kuleni samaki wao badala ya kubeba sufuria ya pilau kutoka nyumbani. Bei ya boti patana, lakini usimkamue mtu kana kwamba hana watoto.

Na jaketi la kuokolea ni lazima, hata kwa yule rafiki anayejigamba kuogelea. Asiyelivaa abaki ufuoni na chupa yake. Tokeni asubuhi, maji yakiwa yametulia. Hata Ugiriki kiangazi kuna upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi, na nahodha mwenye akili hubaki bandarini. Msioge ziwani: kuna viboko na mamba. Tena, kwa kuwa sehemu nyingine za Baringo zimewahi kusumbuliwa na majangili, wapigieni wenyeji simu kwanza muulize hali ya usalama.

Chama chenu kikikutana Jumapili hii, wekeni Baringo kwenye ajenda, chagueni tarehe, na kila mmoja atoe mchango wake wa kwanza hapo hapo.