Mashine Haijisomi Yenyewe

Mwanafunzi wa Githongo, katika Kaunti ya Meru, akitamka kwamba angependa kuwa mpimaji wa altrasaundi, hakosi mtu wa kumwambia kwamba hiyo ni kazi ya kubonyeza vidude tu. Sikubaliani na kauli hiyo, nayo imeigharimu nchi hii fedha nyingi.

Mnamo mwaka 2015 serikali kuu ilikodi mitambo ya hospitali, ikiwemo ya kupiga picha za mwili, kwa ajili ya kaunti zote 47. Kamati ya Seneti iliyochunguza mkataba huo ilibaini mwaka 2020 kwamba baadhi ya mitambo ilikuwa imelala bure kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Kodi, hata hivyo, ililipwa!

Waama, altrasaundi hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, nayo yakigonga viungo vya mwili hurudi kama mwangwi. Kinachoonekana kiooni ni vivuli vya kijivu. Mwenye kuvitafsiri ni binadamu. Mkono usiozoea ukishika kifaa vibaya, kondo la nyuma lililoziba njia ya uzazi huenda lisionekane, na mama mchuma majani chai akarudi nyumbani akiamini yu salama. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Nani atawapima, ikiwa vijana wetu tunawavunja moyo?

Njia yenyewe si fupi. Katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC), stashahada ya upigaji picha za kitabibu huchukua miaka 3, kisha altrasaundi husomewa katika stashahada ya juu. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe asome kozi ya miezi michache kichochoroni aulize kwanza iwapo cheti hicho kinatambuliwa.

Hapa nawageukia walimu. Taaluma hii haina mlango kwa aliyeitupa fizikia, na wasichana wengi huiacha kwa ushauri wetu wenyewe. Katika mtaala mpya uamuzi umesogezwa mapema zaidi, mwishoni mwa gredi ya tisa, wakati mtoto hajaiona hata mashine yenyewe.

Nayo kaunti, iliyokabidhiwa huduma za afya tangu mwaka 2013, itangaze hadharani inahitaji wapimaji wangapi na itawaajiri lini.