Nguo za Marehemu Zina Habari

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kufiwa na mama, hapana shaka waijua kazi inayowangoja watoto baada ya matanga kuanuliwa, nayo ni kugawana nguo. Sahani na sufuria hugawanywa upesi, kwa kuwa zahesabika. Lakini khanga iliyomkaa marehemu mwilini, kila aishikaye husita.

Leo nakuletea habari za msanii mmoja mweusi wa Marekani, Faith Ringgold, aliyezaliwa mwaka 1930 katika mtaa wa Harlem, jijini New York, akafariki mwaka 2024. Mama yake, Willi Posey, alikuwa mshonaji na mbunifu wa mavazi. Wazee wao wa kale walikuwa watumwa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake walioshona mablanketi ya viraka, yaani vipande vya nguo vilivyounganishwa kimoja kimoja hata kikapatikana kitu cha kujifunika. Bwana alijifunika akalala. Aliyeshona hakuulizwa jina.

Mwaka 1980 mama na binti walishirikiana kushona blanketi la namna hiyo. Binti alichora nyuso za watu wa Harlem, wakaziunga pamoja na vitambaa. Mwaka uliofuata, mama akafariki dunia.

Je, binti aliitupa sindano? La hasha. Mwaka 1983 alitengeneza blanketi jingine, safari hii peke yake bila mama, na juu ya kitambaa chenyewe akaandika hadithi. Alimchukua Aunt Jemima, yule mtumishi mweusi mnene ambaye sura yake ilitumika kwa miaka mingi kuuzia unga wa chapati za maji, akamfanya mwanamke mwenye biashara yake, familia yake na heshima yake. Kazi aliyorithi kwa mama ndiyo iliyomwezesha kulikataa jina ambalo wengine walikuwa wamewapa watu wake.

Sisi tuliolelewa katika khanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Mama zetu walichagua khanga kwa maneno yake kabla ya rangi. Kwa khanga walishukuru, walionya, na pengine walimjibu jirani bila kufungua kinywa.

Mama yangu mzazi alipofariki, tulikaa mkekani kugawana khanga zake. Dada yangu mkubwa alitaka zote zitolewe sadaka, asibaki mtu wa kulilia kitambaa. Mdogo wangu alitaka zote zibaki. Maneno yakaanza kuwa makali. Ndipo mjukuu mmoja, mtoto wa mjini, alipoinua doti moja iliyochakaa akauliza bibi aliinunua kwa nini. Sote tukanyamaza. Aliyejua alikuwa mama mkubwa, dada yake marehemu, naye macho yake yalikuwa yamekwisha kupoteza nuru. Akaipapasa ile khanga, akaomba asomewe maneno yake, kisha akatueleza mwaka wa njaa, safari ya kuja mjini, na mtoto aliyezikwa njiani ambaye sisi hatukupata kutajiwa jina lake.

Tulikesha. Kila khanga ilisomwa na kuelezwa, na binti yangu akaandika katika daftari la shule. Kulipokucha, nyingi zilitolewa sadaka, na kila mmoja wetu akabaki na moja. Hapakuwa na ugomvi tena. Mama mkubwa naye hayupo leo, daftari lipo.

Ndugu msomaji, sanaa ya watu weusi haimo katika majumba ya makumbusho peke yake. Sehemu yake imo sandukuni mwa mama yako, imekunjwa, yanukia udi. Kabla hamjagawana, mwiteni mzee aliyebaki, someni maneno, ulizeni, andikeni. Machozi yatatoka, nayo ni haki yake marehemu. Lakini wajukuu watajua wao ni nani, na hawatangoja kuambiwa na mtu wa mbali.