Wapimwe Macho Waingiapo Kidato cha Kwanza

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Maneno hayo ni kweli kwa mengi, lakini darasani hayatoshi. Wako wenzetu ambao macho yao hayana chongo wala mtoto wa jicho, nao husoma kitabu bila taabu, lakini ubao ulio hatua kumi mbele yao ni ukungu mtupu. Hao huambiwa kila siku, "Tazama ubaoni!" Nao hutazama, wasione kitu.

Hali hii ya kutoona mbali si uchawi, wala haitokani na uvivu. Jicho la mtoto hukua kama mwili unavyokua. Likirefuka kupita kiasi, mwanga utokao kwenye vitu vya mbali hukutana kabla ya kuufikia utando wa nyuma ya jicho, ambao ndio unaopokea picha. Miwani yenye vioo vyembamba katikati huurudisha mwanga huo mahali pake. Na kwa kuwa jicho huendelea kukua, hali hii mara nyingi huanza, au huzidi, katika miaka hii hii tuliyo nayo shuleni.

Ubaya wake ni kwamba mwenye nayo huenda asijue kuwa anayo, maana hajapata kuona kwa macho ya mwingine. Mimi huvaa miwani tangu kidato cha pili. Kabla ya hapo nilidhani kila aketiye nyuma hunakili kutoka daftari la jirani.

Nao si wachache. Uchunguzi wa wanafunzi wa sekondari katika mji wa Mwanza, uliotangazwa mwaka 2002, ulipima wanafunzi 2,511. Kama 6 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya kuona inayorekebishwa kwa miwani, na karibu wote walikuwa hawaoni mbali. Katika hao wenye kasoro, 7 katika kila 10 walikuwa hawana miwani. Shule yenye wanafunzi 600 ikiwa na hali kama hiyo, basi zaidi ya 20 hukaa darasani bila kuona ubao.

Wengine watasema kwamba yatosha kumwandikia mzazi barua. Uchunguzi mwingine, wa Dar es Salaam, uliotangazwa mwaka 2008, watujibu. Baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure, wengine wakapewa cheti tu wakanunue. Baada ya miezi mitatu, karibu nusu ya waliopewa miwani walikuwa nayo shuleni, lakini waliopewa cheti ilikuwa kama robo tu. Basi barua peke yake haimpi mtu miwani. Na hata miwani ya bure, nusu hawakuitumia. Kwa nini? Sababu moja twaijua sisi wenyewe tulalao mabwenini. Nani atavaa miwani ikiwa kila apitapo ataitwa Macho Manne? Wenzangu, mzaha huo waweza kumnyima mtu cheti chake.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila mwanafunzi aingiaye kidato cha kwanza apimwe macho katika juma la kwanza, na kila mwaka apimwe tena. Yahitajiwa karatasi ya herufi ukutani, kipimo cha mita 6, na mwalimu aliyeonyeshwa namna ya kupima jicho moja moja. Kila mtu ni dakika chache tu. Atakayeshindwa asipewe barua akaiweka sandukuni, bali apelekwe hospitali pamoja na mzazi au mwalimu, na asiachwe mpaka miwani imefika.

Wazazi wetu, twajua kwamba miwani ina gharama. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, lakini bado mwanunua sare, godoro na madaftari. Kwa mtoto asiyeona mbali, miwani yafaa iandikwe juu ya hayo yote, maana daftari la asiyeona ubao litajazwa na nini? Wala msiogope kwamba miwani itamharibu macho. Macho huzidi kwa sababu yanakua, na mtoto akiivua haoni tena ubao.

Kwa wadogo zetu walio nyumbani liko jambo jingine, nalo halina gharama. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, kama 30 katika kila 100 walikuwa wamepata hali hii, na katika shule ambazo hazikuongezewa walikuwa karibu 40. Mwanga wa mchana huzuia jicho lisirefuke upesi. Hapa Arusha mwanga huo tunao tele. Basi mtoto asifungiwe ndani kutwa na simu au masomo ya ziada. Aachwe acheze uwanjani.

Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu Novemba na kuondoka. Lakini Januari wataingia wengine, na kati yao watakuwamo wasioona ubao. Walimu wetu, twaomba wapimwe kabla hawajaitwa wajinga.